Mtani Aliyekunywa Bando

Yassini Salumu wa Somanga hajawahi kununua kitu bila kukigeuza atazame chini yake. Papai analigeuza, kopo la maziwa analigeuza, na inasemekana siku alipokwenda kuposa, ujanani huko, alizunguka nyumba nzima ya wakwe zake kuhakikisha kama kuta za nyuma zimekandikwa sawa na za mbele. Mkewe, Bi Saida, anasema hilo la kuta ni uzushi wa Klementi. Lakini ukimwangalia usoni, hakatai sana.

Msimlaumu. Maisha yake ya kazi yote yalipita kwenye mizani. Alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika, msimu wa korosho na msimu wa ufuta, na huko aliona vituko. Kuna waliochanganya ufuta na mchanga uliochekechwa mpaka ukafanana na ufuta wenyewe. Kuna waliozilowesha korosho ili zipime zaidi. Kuna mama mmoja mcha Mungu, tasbihi mkononi, aliyeweka unyayo pembeni ya mizani huku akimuulizia hali ya watoto. Yassini aliutazama ule unyayo, salamu hakuitikia. "Toa mguu kwanza mama, halafu tutasalimiana." Tangu hapo, kila binadamu kwake ana mguu mmoja juu ya mizani, kazi ni kuutafuta ulipo. Alipostaafu alikabidhi funguo za ghala, lile jicho akaondoka nalo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemcheka kwa hilo akasalimika, naye ni huyo Klementi, mtani wake. Klementi ni Mmatumbi, Mkatoliki, aliteremka kutoka milima ya Kipatimu akiwa kijana na mzigo wa machungwa, akaona barabara, akaona mabasi, hakupanda tena. Mpaka leo anauza machungwa pale mabasi ya kusini yanaposimama, kichwani ana kofia ya ukindu iliyochakaa ambayo Somanga nzima inaijua kuliko inavyoujua uso wake.

Babu zao walikuwa watani, nao wakaurithi utani kama wengine wanavyorithi minazi. Mtani, kwa wale ambao mji umewasahaulisha, ni mtu mwenye ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kuku wako mchana kweupe, na ukimkuta anamla, unaomba paja. Na siku ukifa, yeye ndiye anayelala ndani ya kaburi lako na kugoma kutoka mpaka apewe chake, ili wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio. Sheria yake ni moja: hakuna kukasirika. Anayekasirika ameukata mwenyewe.

Klementi alimwita Yassini "Gunia la Mchanga." Yassini alimwita Klementi "Mla Ndezi," kwa wale panya wakubwa wa porini wanaowindwa huko milimani. Kila alasiri, mabasi yakishapita, Klementi alikuja kukaa kwenye baraza ya Yassini, wakatukanana mpaka jua likapoa, kisha kila mmoja akaenda kwake moyo mweupe. Ukweli ni kwamba Yassini, asiyemwamini hata muuza chumvi, alimwamini Klementi. Hakuwahi kumwambia. Mambo hayo watani hawaambiani.

Basi hapo ndipo kilipoingia kile kisanduku.

Kilitumwa na mtoto wao, Nassibu, anayefanya kazi Dar es Salaam, ili mama yake apate kuwaona wajukuu kwenye simu bila picha kukatika. Kisanduku cheupe, kina vitaa, kinaleta intaneti nyumba nzima. Yassini alikigeuza, akatazama chini yake, akampigia mwanawe.

"Kinalipiwaje hiki?"

"Si cha kulipia mwezi mzima, baba. Unanunua bando la GB zako, unakatwa kadiri unavyotumia. Ukitumia kidogo, zinakatwa kidogo."

Yassini alipenda. Kilo zako, hela zako, hiyo ndiyo biashara. Halafu lile jicho likafunguka.

"Na anayepima nimetumia kiasi gani ni nani?"

"Kampuni, baba."

"Kampuni ndiyo muuzaji?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo muuzaji ndiye mwenye mizani, na mizani yenyewe iko kwake, na mimi siioni."

Yassini akamgeukia mkewe. "Mama Nassibu, tumekwisha."

Hata hivyo hakukirudisha. Alikiweka juu ya kabati, akakifunika kawa kama chakula, na akaweka utaratibu: kisipotumika, kizimwe. Alipokwenda msikitini aliuchomoa waya wa umeme akautia mfukoni mwa koti, akasali nao. Bi Saida alipotaka kuwaona wajukuu alisubiri mpaka imamu atoe salamu. Lakini bando likawa linakwisha kabla ya pale Yassini alipokadiria, na kwa mtu wa mizani, pungufu ni pungufu, kuna mtu amekula.

Ni nani? Saida hakumshuku. Si kwa mapenzi tu. Saida akichukua kitu hutangaza. Kampuni aliishuku, lakini kampuni haina shingo ya kushika. Akazidi kuchunguza, na alasiri moja akamkuta Klementi barazani ameinua simu mbali na uso, anapiga kelele kama anayeita ng'ambo ya mto. Kwenye kioo alikuwemo Brigita, binti yake aliyeolewa Songea, anamwonyesha baba yake jino jipya la mtoto.

Yassini aliingia ndani. "Nani kampa paswadi?"

"Mimi," alisema Bi Saida, anapepeta mchele. "Mtani ananyimwa waifai? Mnyime na maji basi."

Yassini alisimama nyuma ya pazia, akamsikiliza Klementi akicheka na mjukuu, akasema taratibu: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Hapo moyo wake uligawanyika. Nusu ilisema, huyu ni Klementi, jino la mtoto linakula nini? Nusu ya pili, ile ya ghalani, ilisema, hata yule mama wa tasbihi alikuwa anauliza habari za watoto. Nusu ya ghalani ndiyo iliyoshinda, maana ndiyo iliyozoea kazi.

Akamwita Sadick, fundi kijana wa Kilwa Masoko, aje na kamera. Sadick alikuja na pikipiki, akaifunga kamera juu ya mlango, ndani ya taa ya chemli mbovu iliyoning'inia hapo miaka, ikitazama baraza yote. Akaiunganisha na kile kisanduku, picha zikaanza kuonekana kwenye simu ya Yassini.

"Sasa mzee wangu, ngoja nikueleze. Hii kamera inavyofanya kazi, yenyewe ina—"

"Shh!" Yassini alimziba mdomo kwa kiganja. "Baraza ina masikio."

"Lakini mzee, ni muhimu ujue—"

"Nimejua. Nenda mwanangu. Pita uani."

"Basi kisanduku kisizimwe tu."

"Hakizimwi."

Na kweli hakikuzimwa tena. Waya ulitoka mfukoni mwa koti ukarudi ukutani, ukakaa hapo mchana na usiku. Yassini alijifungia chumbani na simu yake, akawa anaitazama baraza yake mwenyewe kama mgeni anayevizia. Alimwona Klementi anakaa. Alimwona anatoa simu. Alimwona anakuna mgongo kwenye kona ya ukuta. Mtu ukishamshuku, hata anavyojikuna anajikuna kiwizi. Siku moja Klementi aliinua uso akaitazama ile chemli, akatabasamu peke yake, na Yassini akatokwa jasho. Huenda alikuwa ameona mjusi.

Na bando? Mungu apishe mbali. Lile la kumaliza wiki sasa halikufika hata Jumatano. Akiongeza, linakwisha. Nassibu akapiga simu kutoka Dar: "Baba, mnafanya nini huko? Mmefungua jumba la sinema?" Yassini akamwambia kwa sauti ya chini, "Nimeshamwona mwizi. Nasubiri akiri."

Akakiri. Ilikuwa alasiri, baraza imejaa, wapo wachuuzi wa pweza, yupo pia jirani aliyekuja kuomba moto akasahau kuondoka. Klementi alijipangusa kofia yake ya ukindu, akawaambia:

"Jamani, jana nimeinywa intaneti ya huyu Gunia la Mchanga mpaka nikacheua. Iliyobaki nimeichota kwenye ndoo nikampelekea mke wangu, ameungia kisamvu."

Watu walicheka mpaka mmoja akashuka barazani. Yassini alitoka ndani kanzu ikimpepea.

"Mmesikia? Mmesikia wote? Amekiri kwa kinywa chake!"

Wakacheka zaidi, wakijua ni jibu la utani, tena zuri. Yassini akavaa viatu. Walipoacha kucheka alikuwa ameshafika ofisi ya kijiji.

Mtendaji wa kijiji, Bi Getrude, ni mama mdogo kiumri, mwenye subira ya kufundishwa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, naomba nielewe. Unamshitaki Mzee Klementi?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mtani wako?"

"Mwizi hana mtani."

Bi Getrude aliweka mikono mezani akaitazama. Kisha akatuma mtu. Klementi alikuja anacheka, akidhani ameitiwa faini ya kuku, maana watani huburuzana hata ofisini kwa mchezo. Alipouona uso wa Yassini, kicheko kilimfia. Watu wawili waliokuwa wamekuja kuchukua barua zao waliinamisha macho. Klementi akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Kumbe," alisema. Kisha akasema, "Kama Mzee Yassini amesema nimechukua, basi nimechukua. Naomba radhi, Mzee Yassini. Haitatokea tena."

Mzee Yassini. Tangu wajuane hajawahi kuitwa hivyo na mdomo ule. Yassini alikuwa ameshinda kesi, lakini alihisi kama mtu aliyeinua gunia akalikuta jepesi kuliko alivyotegemea, na mgongo ukamshtuka.

Asubuhi ya pili Yassini alipita penye machungwa. Alikohoa kidogo, akampa mtani wake nafasi ya kumtukana. Klementi akanyanyuka kwenye kigoda. "Habari za asubuhi, Mzee Yassini. Nyumbani hawajambo?" Akajibu hawajambo. "Alhamdulillahi," akasema Klementi, yeye Mkatoliki, kwa adabu kabisa. Ikawa hivyo kila siku. Hakununa, hakugeuza uso, hakumsema vibaya popote. Heshima tupu. Yassini angepigwa makofi pale barabarani isingemuuma kiasi hicho, na angejua la kufanya.

Barazani hakuja tena. Asipokuja yeye, wachuuzi wa pweza nao wakapata baraza nyingine, maana watu hawakufuata saruji pale, walifuata matusi. Hata jirani wa kuomba moto alinunua kiberiti. Bi Saida alipika, akapakua, akakaa. Jambo moja tu alilisema, na alilisema akiwa anamtilia mumewe mchuzi: "Siku ukifa, Baba Nassibu, watakuzika haraka. Hakuna wa kuzuia."

Yassini hakula vizuri siku hiyo.

Na bando likaendelea kukwisha.

Mwanzo hakutaka kuliona hilo. Alikaa chumbani na simu, akaitazama baraza. Hakuna mtu. Alasiri nzima hakuna mtu. Kuku alipita, akadonoa, akaenda zake. Kivuli cha mnazi kilihama kutoka ukuta huu kwenda ule. Akanunua bando jingine, akatazama tena, likakwisha huku anatazama. Sasa, karani wa mizani akili yake si mbovu, ina kutu tu. Ukishamwondoa mtu juu ya mizani na uzito ukabaki palepale, hakuwa yeye. Alilijua jambo hilo tangu kabla Nassibu hajazaliwa. Akalijua tena akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

Akampigia Sadick. "Mwanangu, ni nani anayekula intaneti yangu?"

"Shikamoo mzee. Si hiyo kamera?"

"Kamera inakula?"

"Kamera hailali, mzee. Kila inachokiona inakituma kwenye mtandao, usiku na mchana, hata kama hakuna kitu. Hiyo ndiyo inakula kuliko watu wote. Nilitaka kukueleza siku ile, ukaniziba mdomo."

Kwa hiyo mlinzi ndiye alikuwa mlaji. Alikuwa amenunua GB kwa GB ili aonyeshwe baraza tupu, na baraza ameifanya tupu yeye. Yassini alitoka na kiti, akapanda, akaichomoa kamera kutoka kwenye chemli. Hakujificha, alitamani mtu apite amwone, lakini hakupita mtu.

Alioga, akavaa kanzu safi, akaenda barabarani. Basi lilikuwa limesimama, abiria wananunua. Alisema mbele ya watu wote, maana alishitaki mbele ya watu. "Klementi, nilikusingizia. Ilikuwa kamera yangu mwenyewe. Nisamehe."

Klementi alimsikiliza, kofia kifuani. "Yamekwisha, Mzee Yassini. Binadamu hukosea." Kisha akainama, akamchagulia machungwa: aliyabonyeza moja moja, akaacha yenye madoa, akamtilia kwenye mfuko mazuri matupu, na hela akakataa. Zamani angemchagulia lililooza akamrushia mgongoni.

Yassini alirudi nyumbani na machungwa matamu, machozi yakimlenga. Akayaweka mbele ya mkewe. "Amenisamehe," alisema.

Bi Saida alilishika moja, akaona lilivyo zuri, akatikisa kichwa. "Mtani haombwi radhi, mume wangu. Umempelekea heshima, amekurudishia heshima. Ulitegemea nini?"

Maneno hayo Yassini aliyalalia, akayaamkia. Alipoamka alikuwa ameamua, na alichokiamua kilimtisha, maana tangu azaliwe hajawahi kuchukua hata punje ya ufuta ya mtu. Alikwenda tena barabarani. Mabasi mawili yalikuwa yamesimama kwa mpigo, watu wamejaa. Klementi alikuwa anamkatia abiria chungwa. Akaanza kunyanyuka kwenye kigoda: "Habari za asubuhi, Mzee Ya—"

Yassini akainyakua kofia ya ukindu kichwani mwake, akaivaa juu ya kofia yake mwenyewe, akageuka, akaondoka nayo.

"Jamani, mzee kaiba kofia!" alipiga kelele konda wa basi. Abiria wakachungulia madirishani. Yassini hakukimbia, magoti hayakuruhusu, lakini alitembea kwa kasi ambayo Somanga haikuwa imeiona kwake, na nyuma yake hakusikia sauti ya Klementi. Hakusikia kicheko. Hakusikia tusi. Hicho ndicho kilichomtia baridi.

Alikaa sebuleni na kofia kichwani, mlango wazi. Sasa ilikuwa juu ya Klementi. Akitaka, ofisi ya kijiji ni palepale, mashahidi ni mabasi mawili, na Bi Getrude angelazimika kusikiliza. Ameshitakiwa kwa utani, kwa nini asishitaki kwa utani? Mwizi hana mtani. Yassini alikumbuka ni nani aliyeyasema hayo. Mchana ukapita. Akasikia hatua nje, moyo ukaruka. Alikuwa Bi Getrude. Akajiona anasimama, mikono miwili mbele ya tumbo. Bi Getrude aliitazama ile kofia juu ya kofia, akauma mdomo. "Napita tu, mzee wangu," akasema, akaenda haraka, mabega yakimtikisika.

Alasiri akaenda kusali. Alisali na kofia mbili, imamu akamtazama, hakujali. Aliporudi, Bi Saida alikuwa amesimama uani, ameshika kiuno, banda la kuku liko wazi.

"Amekuja," alisema Bi Saida.

Yassini alishika ukuta. "Nani?"

"Unamjua. Ameingia kwa mlango wa mbele, hata hodi hakupiga. Amemchukua jogoo, yule mwekundu. Akasema, mwambie Gunia la Mchanga akimtaka amfuate, ila ajue ameshachinjwa."

Yassini alikwenda mpaka bandani. Aliinama, akachungulia, akahesabu kwa macho kama alivyohesabu magunia maisha yake yote. Kisha akamgeukia mkewe, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kupunjwa.

"Jogoo tu? Hakuchukua kingine?"

"Na kile kisanduku," alisema Bi Saida. "Amesema leo anakunywa kweli."

Yassini aliketi pale pale chini, kanzu nyeupe kwenye mavi ya kuku, akaiweka kofia ya Klementi usoni. Bi Saida hakuweza kujua kama analia au anacheka, akamwacha, akaenda kuchukua pilipili na ndimu, maana walikuwa wamealikwa kula.